Unga Unaotii Umeme

Whitehall ni mji mdogo unaopakana na Columbus, jimbo la Ohio, upande wa mashariki, karibu na uwanja wa ndege. Wasomali, Wakongo na watu wengine wa Afrika Mashariki waliohamia pande hizo wanaijua vizuri barabara ya East Broad, inayoukata mji huo na kuelekea magharibi hadi katikati ya Columbus. Ukifika katikati ukapinda kaskazini, kama unayekwenda Chuo Kikuu cha Ohio State, utaikuta King Avenue, na pale namba 505 pana taasisi ya utafiti iitwayo Battelle. Haina jina kubwa kama NASA. Lakini mashine ya fotokopi iliyotoa nakala ya cheti chako cha kuzaliwa, iwe Kariakoo, River Road au Goma, ilipata uhai pale. Na wanasayansi ambao leo wanapanga chembe za dhahabu, nyembamba mara elfu kadhaa kuliko unywele, zikawa nyaya na nguzo, wanafuata hatua ambazo kwa sehemu kubwa zilinyooshwa pale.

Wengi husimulia kazi hii ya chembe kana kwamba ilizaliwa siku neno “nano” lilipoanza kutajwa magazetini. Ni ya zamani zaidi, nayo ni historia ya unga. Watu waligundua kwamba punje ndogo zinaweza kupelekwa mahali pake bila kushikwa na mkono wala koleo, kwa nguvu ya uga wa umeme peke yake, yaani lile eneo linalokizunguka kitu chenye chaji ambamo vitu vingine huvutwa au husukumwa. Tangu hapo kila kizazi kimekuwa kikipunguza ukubwa wa punje.

Wa kwanza kuona alikuwa Georg Christoph Lichtenberg, profesa wa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1777. Alikuwa ametengeneza bamba kubwa la utomvu uliogandishwa, akalijaza umeme tuli. Vumbi la chumbani likatua juu yake, na badala ya kutapakaa ovyo likajipanga kwa maumbo ya nyota na matawi ya mti. Akaanza kunyunyiza unga makusudi. Akaona chaji chanya inachora umbo moja na chaji hasi umbo jingine. Kisha akakandamiza karatasi juu ya maumbo yale, nayo yakahamia kwenye karatasi. Chaji, unga, karatasi: vyote vitatu vilikuwa mezani pake. Ila yeye alitaka kuujua umeme, hakuwa na haja ya nakala, na jambo lenyewe likalala kwa zaidi ya miaka 150.

Katikati ya usingizi huo umeme uligeuka kuwa bidhaa, na hapo inaingia miji mingine miwili ambayo leo Kiswahili kinasikika mitaani mwake. Louisville, jimbo la Kentucky, ilifungua maonyesho makubwa ya Southern Exposition mwezi Agosti 1883, yakiangazwa na taa 4,600 za Thomas Edison. Edison huyo huyo, katika miaka ya 1860, alikuwa kijana mtuma simu za maandishi mjini humo, na inasimuliwa kwamba alifukuzwa kazi kwa kumwaga tindikali ya betri sakafuni akifanya majaribio yake ya usiku. Taa zake zilitumia mkondo mnyofu, unaokwenda upande mmoja tu. Buffalo, jimbo la New York, ilikwenda njia nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 1896, umeme kutoka maporomoko ya Niagara, uliozalishwa kwa mitambo ya Westinghouse iliyojengwa juu ya hataza za Nikola Tesla, ulisafirishwa zaidi ya kilomita 30 hadi Buffalo na kuendesha treni za mitaani. Huo ulikuwa mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara kwa mara, na ule wa Niagara ulikamilisha mizunguko 25 kila sekunde. Msomaji aishike namba hiyo. Tutakutana na ndugu zake ndani ya tone la maji yenye dhahabu.

Sasa tumfuate mtu mmoja aliyekuwa na shida ya karatasi.

Chester Carlson alizaliwa Seattle mwaka 1906, mtoto pekee wa kinyozi aliyedhoofishwa na kifua kikuu na maradhi ya uti wa mgongo. Alianza kuitafutia familia riziki angali mtoto, na mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 17. Alijisomesha kwa vibarua na madeni hadi akahitimu fizikia katika chuo cha Caltech mwaka 1930, wakati uchumi wa Marekani umeanguka. Aliandika barua za kuomba kazi kwa kampuni 82. Maabara za Bell zilimchukua, zikampunguza mwaka 1933, na baada ya kuhangaika akaangukia idara ya hataza ya kampuni ya P. R. Mallory, watengenezaji wa vifaa vya umeme, ile ambayo baadaye ilizaa betri za Duracell.

Kazi ya hataza ni kazi ya makaratasi. Kila ombi la kulinda uvumbuzi lilihitaji nakala nyingi za maelezo na michoro, na nakala hazikuwa zikitosha kamwe. Ama ulipiga chapa upya kwa karatasi ya kaboni, ama ulipeleka kwa mpiga picha na kulipa fedha nyingi. Usiku Carlson alisomea sheria, na kwa kuwa hakumudu kununua vitabu, alinakili kurasa kwa mkono maktabani, macho yakimwuma na viungo vikianza kukaza kwa ugonjwa ule ule uliomtesa baba yake. Ndipo akaanza kutumia Maktaba ya Umma ya New York kwa jambo jingine. Alijua kampuni kubwa kama Kodak zilikuwa zimeshika kila kitu kinachohusu picha na kemikali, kwa hiyo akatafuta njia isiyo ya kemikali. Akakutana na maandishi ya Pál Selényi, mwanafizikia wa Hungaria aliyekuwa amechora picha kwa chaji za umeme na kuzifunua kwa unga. Carlson akaongeza wazo lake: kama kuna kitu kinachoshika chaji gizani na kuiachia kinapopigwa na mwanga, basi mwanga wenyewe unaweza kuchora.

Majaribio ya kwanza aliyafanya kwenye jiko la nyumba yake ya kupanga, akiyeyusha salfa juu ya moto. Majirani waliipata harufu. Baadaye alikodi chumba Astoria, mtaa wa Queens, na kumwajiri Otto Kornei, mhandisi mkimbizi kutoka Austria ambaye kazi nyingine hakuipata.

Tarehe 22 Oktoba 1938 Kornei alichukua bamba la zinki lililopakwa utando wa salfa. Kwenye kioo cha hadubini akaandika kwa wino: 10-22-38 ASTORIA. Wakashusha mapazia. Akaisugua salfa kwa kitambaa ili ipate chaji, akalaza kioo juu yake, akaimulika kwa taa kali sekunde chache. Mwanga ulipopita, salfa iliachia chaji. Chini ya kivuli cha maandishi, chaji ilibaki. Akaondoa kioo, akanyunyiza unga wa likopodiamu, ambao ni vumbi jepesi la spora za mmea wa karibu na kangaga, kisha akapuliza. Unga uliokuwa hauna cha kuushika uliruka. Uliosalia ulisomeka. Carlson akakandamiza karatasi ya nta juu yake, akaipasha moto kidogo, akaibandua, na maneno yakatoka nayo. Wakarudia mara kadhaa kuhakikisha kwamba hawajidanganyi, halafu wakaenda kula chakula cha mchana.

Kornei hakuona biashara ndani ya jambo lile. Baada ya miezi michache aliondoka kwa amani, akaachia asilimia kumi aliyokuwa ameahidiwa. Miaka mingi baadaye Carlson alimtumia zawadi ya hisa 100 za Xerox. Hataza ya msingi ilitolewa mwaka 1942, na kati ya 1939 na 1944 Carlson alibisha hodi kwenye kampuni zaidi ya 20, IBM na General Electric zikiwemo. Zote zilimrudisha. Ni rahisi kuzicheka leo, lakini mtu awe mkweli: alichokuwa nacho mkononi kilikuwa maandishi hafifu ya unga juu ya bamba chafu la salfa, na alihitaji mtu wa kumwamini zaidi ya macho yake.

Mtu huyo alitoka Columbus. Mwaka 1944 mhandisi wa Battelle, Russell Dayton, alifika New York kwa shughuli ya hataza iliyoihusu Mallory. Carlson alimwuliza, kama kwa kupitia tu, iwapo Battelle ingependa kuona uvumbuzi wake. Dayton akaomba maelezo.

Battelle yenyewe ilikuwa matunda ya wosia. Gordon Battelle, mrithi wa familia ya viwanda vya chuma vya Ohio, alikufa mwaka 1923 baada ya upasuaji akiwa bado kijana, na aliacha mali yake ianzishe taasisi ya utafiti kwa ajili ya viwanda. Ilifungua milango mwaka 1929. Kawaida yake ilikuwa kufanya utafiti kwa malipo ya mteja. Kwa Carlson ilikubali kutumia fedha zake yenyewe, na mapato yakija yeye apate asilimia 40. Kazi ilikabidhiwa kwa Roland Schaffert, mkuu wa idara ya uchapaji, ambaye mwanzoni alikuwa karibu peke yake.

Naomba tukae hapa kidogo, maana vitabu vingi huruka kutoka Astoria hadi mabilioni ya Xerox, na kwa maoni yangu kazi ngumu yote iko katikati. Mwaka 1944 njia ya Carlson ilikuwa na kasoro nne, kila moja ikitosha kuiua. Salfa ilikuwa nzito mno kuitikia mwanga. Kuisugua kwa kitambaa kulitoa chaji zenye mabaka, nyingi hapa na haba pale. Unga uliganda hata pasipotakiwa, ukaacha ukurasa mzima wa kijivu. Na kuuhamisha kwenye karatasi kuliacha nusu yake nyuma.

William Bixby wa Battelle alijaribu vitu vingi badala ya salfa, akaipata seleni. Ikivukizwa ndani ya ombwe na kuganda kama utando mwembamba juu ya chuma, seleni ilishika chaji gizani na kuitupa upesi mno mwanga ulipoigusa. Kuhusu kusugua, Lewis Walkup na wenzake waliachana na kitambaa na kutumia waya mwembamba wenye volti elfu kadhaa, uliopitishwa juu ya bamba bila kuligusa. Hewa iliyouzunguka ilivunjika kuwa ayoni, na ayoni zikaitandika seleni chaji iliyolingana kila mahali. Waya wa aina hiyo ndio ulioondoa pia tatizo la nne: Schaffert aliweka karatasi juu ya unga na kuichaji karatasi kwa mgongo, nayo ikauvuta unga kutoka kwenye bamba kwa nguvu ile ile ya umeme.

Kasoro ya tatu, ile ya ukurasa wa kijivu, ilimfika Edward Wise, naye wa Battelle. Unga ukiwa peke yake hujichaji ovyo. Punje hii chanya, ile hasi, nyingine haina kitu. Wise aliuchanganya na punje kubwa zaidi, za ukubwa wa mchanga, zilizochaguliwa kwa jinsi zinavyobadilishana chaji na unga zinapogusana. Zikitikiswa pamoja, kila chembe ya unga inapata chaji ya aina moja na kuganda kwenye mgongo wa punje kubwa. Mchanganyiko huo ukimiminwa juu ya bamba, punje kubwa zinabingirika zikipita. Palipo na picha, uga wa bamba una nguvu kushinda ule wa punje kubwa, basi unga unanyang’anywa na kubaki. Pasipo na picha, unga hauna sababu ya kushuka na unasonga mbele na mchukuzi wake. Ukurasa ukatoka mweupe. Hataza ya Wise ilitolewa mwaka 1952, na wino wa unga tunaouita tona umetumia kanuni hiyo kwa miongo mingi.

Mambo mengine yalikwenda haraka. John Dessauer, mkuu wa utafiti wa Haloid, kampuni ndogo ya karatasi za picha mjini Rochester, kama kilomita 120 mashariki ya Buffalo, ambayo baadaye iliitwa Xerox, alisoma habari za kazi ile. Bosi wake Joseph Wilson akaifuata Columbus, na mkataba ukatiwa saini mwanzoni mwa 1947. Profesa wa lugha ya Kigiriki wa Ohio State akaipa njia ile jina, zirografia. Tarehe 22 Oktoba 1948, miaka kumi kamili baada ya Astoria, ilionyeshwa hadharani Detroit. Mashine ya kwanza ya dukani, ya mwaka 1949, ilihitaji hatua zaidi ya 30 za mkono kwa nakala moja na ofisi ziliikataa. Kisha, Septemba 1959, ikaja Xerox 914: uzito wa karibu kilo 300, nakala saba kwa dakika. Karatasi ikikwama ndani ilikuwa na mazoea ya kushika moto, hivyo mashine iliuzwa na kizima moto chake, ambacho watu wa mauzo walikipa jina la adabu zaidi. Carlson alitajirika ghafla, na hadi kifo chake Septemba 1968 alikuwa ametoa karibu dola milioni 100 kwa vyuo, hospitali na harakati za haki za raia, mara nyingi bila kutaja jina.

Chembe ya tona ina upana wa kama mikromita kumi. Mtu angedhani kwamba kutoka hapo hadi chembe za nano ni suala la kupunguza tu. Sivyo, na sababu yake iko kwenye hesabu.

Mwaka 1951 Herbert Pohl, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, alikuwa akijaribu kuondoa masizi ya kaboni kwenye myeyuko wa plastiki. Alitumia umeme, akaona masizi yanasogea hata kama hayana chaji yao yenyewe. Yalikimbilia pale uga ulipobanana, karibu na ncha ya elektrodi, yaani kile kipande cha chuma kinachoingiza umeme. Kilichotokea ni kwamba uga huisukuma chaji hasi ya chembe upande mmoja na chanya upande wa pili, na kama uga una nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, chembe nzima inavutwa huko. Pohl aliita jambo hilo dielektroforesisi, na mwaka 1978 aliliandikia kitabu kizima. Uzuri wake ni kwamba halijali umeme unaelekea wapi. Ukigeuza mkondo, ncha za chembe zinageuka nazo, na mvuto unabaki ule ule. Kwa hiyo unaweza kutumia mkondo geu, na ndani ya maji hilo ni muhimu sana: mkondo mnyofu huyapasua maji kuwa viputo vya gesi na kuharibu kila kitu, mkondo geu wa kasi ya kutosha haufanyi hivyo.

Ubaya wake ni kwamba nguvu hiyo hufuata ujazo wa chembe. Punguza upana mara kumi, nguvu inapungua mara elfu. Kutoka tona ya mikromita kumi hadi chembe ya dhahabu ya nanomita 15, uga ukiwa ule ule, nguvu inapungua karibu mara milioni 300. Wakati huohuo molekuli za maji zinaigonga chembe kutoka kila upande na kuirusharusha, mtikisiko aliouona Robert Brown mwaka 1827. Dhahabu ndogo kiasi hicho haijali amri zako. Njia ya kuishinda ni kusogeza elektrodi karibu karibu hadi uga ubanwe kwenye nafasi finyu mno, na hilo halikuwezekana hadi viwanda vya chipu vilipojifunza kuchora vitu vidogo. Mwaka 1997 kundi la Alexey Bezryadin na Cees Dekker, mjini Delft, Uholanzi, lilinasa chembe moja moja kati ya elektrodi mbili na kupitisha umeme ndani yake. Mwaka 2000 watafiti wa Pennsylvania State walipanga nyaya ndogo za chuma, zilizokwishatengenezwa, zikalala sambamba kati ya elektrodi.

Novemba 2001 jarida la Science likachapisha kazi iliyotoka Chuo Kikuu cha Delaware, ya Kevin Hermanson, Orlin Velev, Eric Kaler na wenzao. Waliweka tone la maji yenye chembe za dhahabu za nanomita 15 hadi 30 kwenye pengo kati ya elektrodi mbili tambarare, wakawasha mkondo geu wa mizunguko 50 hadi 200 kwa sekunde, wa ukoo mmoja na ule wa Niagara na wa soketi ya nyumbani kwako. Kutoka kwenye elektrodi moja ukaanza kuchomoza uzi mweusi. Ulirefuka ukielekea upande wa pili, wakati mwingine kwa kasi ya zaidi ya mikromita 50 kwa sekunde, ambayo chini ya hadubini ni mbio. Nyaya zilifika urefu wa zaidi ya milimita 5, na zilipitisha umeme vizuri. Walipoacha kisiwa cha chuma katikati ya njia, waya ulikwenda ukajiunga nacho wenyewe.

Siri ilikuwa kwenye ncha. Chembe za kwanza zikishajikusanya, ncha ya waya inakuwa elektrodi mpya iliyochongoka, na uga unabanana hapo kuliko mahali pengine popote. Chembe zinazofuata zinavutwa pale pale. Kwa hiyo waya unajitengenezea nguvu unayoihitaji kadiri unavyokua, na ile hesabu ya mara milioni 300 inapata mpinzani.

Louisville ikarudi kwenye hadithi kwa mlango wa chuo kikuu. Mwaka 2008, Stuart Williams, Aloke Kumar na Steven Wereley, wakiwa Purdue, jimbo la Indiana, walionyesha kwamba unaweza kupanga chembe bila kuchora elektrodi zenye umbo lolote. Wao walitumia vioo viwili bapa vinavyopitisha umeme, mkondo geu kati yake, na mwale wa leza ya infraredi. Leza inapasha moto nukta moja ya maji; joto na umeme pamoja vinazusha mzunguko mdogo wa maji unaozoa chembe na kuzikusanya kwenye nukta ile. Ukisogeza leza, kundi linaifuata. Ukizima, linatawanyika. Williams alihamia Chuo Kikuu cha Louisville, na watafiti wa huko wamepeleka sampuli za chembe kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, mahali ambapo hazizami, ili waone zinavyojipanga wakati uzito haupo kuingilia kati.

Lakini mrithi halisi wa Columbus, nionavyo mimi, yuko Boston. Katika Chuo Kikuu cha Northeastern, kituo kilichoanzishwa mwaka 2004 chini ya Ahmed Busnaina kilitengeneza mabamba yenye michoro ya chuma iliyozungukwa na kizio. Bamba linatumbukizwa katika kimiminika chenye chembe za nano, umeme unawashwa, chembe zinakwenda kwenye michoro tu, kisha bamba linakandamizwa kwenye plastiki laini na chembe zinahamia huko. Halafu bamba linatumika tena. Kituo hicho hicho kilijaza chembe za dhahabu ndani ya vishimo, uga ukaziunganisha zikawa nguzo imara bila kupashwa moto wa kuyeyusha. Mwaka 2014 walizindua mtambo wao, NanoOPS, wakiuelezea kama mashine ya kuchapa. Walikuwa na haki kabisa kuuita hivyo. Chaji inachora, chembe zinaitika, karatasi inapokea: kila aliyefanya kazi na Schaffert angeutambua mtambo ule kwa kuutazama tu.

Kuna tofauti moja, nayo inaeleza kwa nini chipu ya simu yako bado inachongwa kwa mwanga na haikupandwa kwa njia hii. Kutoka maandishi ya Astoria hadi Xerox 914 ilipita miaka 21. Nyaya za Delaware zimeshapitisha muda huo na bado ni kitu cha maabara. Kwenye ukurasa wa fotokopi, punje mia za tona zikikosea njia hakuna atakayejua, kwa sababu herufi ina punje nyingi mno na jicho linasamehe. Kwenye chipu, waya mmoja ukigusa jirani yake, chipu ni takataka. Wise alipata ukurasa mweupe wa kutosha kwa macho ya karani. Chipu inadai usafi ambao hakuna uga wa umeme uliokwisha kuutoa. Ndiyo maana kazi hii itaingia madukani kwanza kama vihisio vilivyochapwa kwenye plastiki, vya kupima sukari au gesi, ambavyo kama karatasi vinaweza kuvumilia chembe chache zilizopotea. Kompyuta iliyojipanga yenyewe ndani ya tone la maji tusiisubiri karibuni.